Ramez Galal baada ya futari: mnacheka kweli, au mnacheka kwa kuwa wenzenu wanacheka?

BintMkunazini

Asalaam alaykum jamani. Nina suali, na nalileta huku kwa sababu nyumbani kwangu nishahukumiwa kuwa mtu asiyejua kucheka.

Mimi mtoto wa Mkunazini, Unguja, nimeolewa Maskati. Nyumba yetu ina watu: mama mkwe, mashemegi wawili, wifi yangu na wanawe. Ramadhani, tukishafungua kwa tende na kahawa na kusali magharibi, tunarudi kwenye futari yenyewe, na kabla sijamaliza kugawa tambi rimoti ishashikwa. Ni Ramez. Mwaka ukiwa na Ramadhani una Ramez.

Kwa msiomjua: Ramez Galal ni muigizaji wa Kimisri. Tangu 2011 huja na kipindi kila mwezi mtukufu, cha kuwatega watu maarufu, kila mwaka jina jipya na mtego mpya. Ule wa kwanza ulikuwa wa simba. 2012 basi linavamiwa jangwani na watu wenye bunduki. 2013 kaburi la kifarao na maiti inayoamka. 2014 papa baharini. 2015 ndege juu ya Dubai. 2016 moto. 2017 gari linazama mchangani, halafu anatokea kenge mkubwa, kumbe ndani ya ngozi ya kenge yumo Ramez mwenyewe. Mgeni huwa ameitwa kwa jambo la heshima, mahojiano au sherehe. Akifika anatiwa kiwewe mpaka alie, Ramez anajifunua, mgeni anamshushia makonzi, wanakumbatiana, matangazo, mpaka kesho.

Nyumbani tumegawika. Shemegi mkubwa anacheka mpaka kijiko kinamponyoka. Mume wangu anacheka kwa staha, akinitazama mimi kwanza. Wifi anasema yote maigizo, mastaa wamelipwa na wanajua kila kitu tangu hotelini, na asemavyo hivyo habanduki mbele ya TV. Mama mkwe alikuwa kambi ya vicheko mpaka ulipofika usiku wa Shah Rukh Khan, yule staa wa filamu za Kihindi. Yule mama anampenda Shah Rukh Khan tangu enzi za mikanda ya video. Alipomwona amekwama mchangani, kisha anavyomkoromea Ramez kwa hasira, alishika kandambili. Tangu siku hiyo Ramez kwake ni "yule mshenzi". Na mwaka uliofuata akamtazama vile vile, kila usiku, na kandambili karibu.

Mimi simba na papa havinishughulishi. Kinachonikera ni mwanzo. Mnaofahamu Kiarabu cha Misri mnajua: kabla ya mtego Ramez hukaa peke yake akamtambulisha mgeni kwa maneno ya vina. Nguo zake, pua yake, unene wake, umri wake, ndoa zake. Wanawake ndio wanaokiona cha moto. Wana wa wifi hicho Kiarabu hawakijui sawasawa, lakini wanajua pale watu wazima wanapoangua kicheko, na wameshaelewa mchezo unavyochezwa. Juzi mdogo wao kasimama mbele ya sinia, mwiko ndio maikrofoni: "Mgeni wetu wa leo ni Bibi! Kiuno kimehama, tumbo limebaki!" Nyumba nzima chini. Bibi mwenyewe alicheka. Mimi nilikwenda jikoni kutazama sambusa ambazo zilikuwa zishaiva.

Sasa suali. Nikisema "huu ukatili", naambiwa "aah, wamelipwa hao, wanajua." Haya. Nikisema "basi kama wanajua ni mchezo wa kuigiza, na mbovu, maana mwisho wake ni ule ule kila siku," naambiwa "we, hukumwona alivyolia? Machozi yale ya uongo?" Anayenijibu yote mawili ni mtu mmoja, shemegi yangu, kwenye futari moja. Ni lipi? Kama ni kweli, tunamcheka mtu anayeamini roho inamtoka. Kama si kweli, tunadanganywa mwezi mzima na tumbo limeshiba. Nyinyi mnaocheka, mnacheka kwa lipi?

Sitaki fatwa. Nataka jibu.

---

JombaWaKisauni

Wa alaykum salaam dada. Mimi niandike upande wa shemegi yako, tena mstari wa mbele.

Nakupa sababu. Huku Kenya tulikuwa na Naswa ya Citizen TV. Kamera imefichwa, mtu anapita na hamsini zake, anategwa. Nani anategwa? Mama mboga, mtu wa boda, soja wa geti. Mtu ametoka nyumbani ana mgonjwa, kodi anadaiwa, wewe unamtokea na kioja. Na nilikuwa nacheka, sikatai. Halafu siku hizi kila kijana mwenye simu ana chaneli yake YouTube. Jirani yetu hapa alitegwa na vijana hao karibu na feri ya Likoni. Walimrushia nyoka wa plastiki na yeye amebeba trei mbili za mayai za biashara. Waliposema "ni mchezo tu, mzee" mayai yalikuwa yashafika barabarani. Wakampa noti ambayo haikufika bei ya trei moja. Video nikaiona, watu wamejaza vikatuni vya kucheka, na mzee bado anadaiwa mayai.

Ndio maana Ramez kwangu ni halali. Anamtega nani? Staa mwenye meneja, wakili na dereva. Tena staa anaondoka na pesa na jina limevuma. Ukinambia nichague wa kutishwa kati ya yule mzee wa mayai na Paris Hilton, yule staa wa Marekani aliyetegwa na Ramez kwenye ndege, chaguo ni rahisi sana.

Kuhusu kweli au uongo: dada, wewe hujawahi kutazama mieleka ya Wamarekani? Mombasa nzima tumekua tukiitazama. Tunajua mshindi kapangwa. Na jamaa akiinuliwa akatupwa juu ya meza tunaruka kwenye viti. Hayo mawili yanakaa kichwa kimoja bila kugombana. Shemegi yako hana kosa.

---

BintMkunazini

Kaka wa Kisauni, ya mayai nimeipokea, na mzee wa watu Mungu amlipe. Lakini mieleka hapana. Kwenye mieleka wote wawili wameingia ulingoni wakiwa na chupi za mieleka. Huku mmoja kavaa ngozi ya kenge na mwenzake kavaa viatu vya kwenda harusini. Na yule wa mieleka hajasomewa ndoa zake kwanza mbele ya watoto.

---

FundiKamera_Sinza

Mleta mada, mimi nipo kwenye kazi za uzalishaji hapa Dar. Siyo kwa Ramez, yule bajeti yake ingelisha studio zetu zote. Lakini vipindi vya kutega tumefanya, kwa hiyo nikupe uzoefu.

Watu wanasema "sauti ni safi mno, kwa hiyo ni maigizo." Si kweli. Mgeni ameitwa kwenye mahojiano, kwa hiyo kipaza sauti ameshavalishwa kifuani na hana habari nacho. Wanasema "mbona kamera zinamkamata usoni?" Kamera ndogo zinapachikwa kwenye dashibodi na pembe zote kabla hajafika. Hivyo navyo si ushahidi. Ukitaka kumkamata mwongo tazama kitu kingine: picha ikikatwa ghafla ukapata pembe ambayo mpiga picha angeonekana kwenye ile picha iliyotangulia, ujue kuna kipande kilirudiwa. Na ujue kurudia kipande kimoja si lazima kiwe kile cha kulia. Mara nyingi tunarudia mlango kufunguliwa.

Kuna mtu lazima ajue. Hakuna mzalishaji mwenye akili atakayempandisha mtu kwenye ndege ya vitimbi bila kumuuliza mtu wake wa karibu kama ana ugonjwa wa moyo au presha. Kwa hiyo meneja anajua, au mke. Staa mwenyewe? Jiulize: kuanzia mwaka wa pili au wa tatu wa Ramez, msanii gani wa Kiarabu aliyealikwa Dubai kwa malipo manono, miezi michache kabla ya Ramadhani, kwenye mahojiano na mtangazaji mrembo, ambaye hajawaza "isije ikawa Ramez"? Anajua upo mtego. Hajui ni upi wala utafyatuka saa ngapi. Na mwili hauulizi kichwa. Mimi nilishamtega msanii wetu mmoja ambaye aliambiwa kabisa asubuhi "leo tutakushtua". Alipanda meza.

Kwa hiyo "ama kweli ama uongo" yako, dada yangu, ina chumba cha katikati, na wengi wao naamini wamekaa humo. Anakubali kushtuliwa, hakubaliani na namna. Halafu mwishoni kuna karatasi. Kwa desturi ya kazi hii, asiyesaini harushwi hewani. Wanaokasirika kwelikweli huwaoni.

Hii kazi ni ya zamani, msidhani ni ya Waarabu. Mmarekani Allen Funt alianza redioni 1947, mwaka uliofuata akaingia kwenye televisheni, na kipindi kikaja kuitwa Candid Camera. Februari 1969 alikuwa abiria wa kawaida, na familia yake, kwenye ndege ya kampuni ya Eastern kutoka Newark kwenda Miami. Ikatekwa ikapelekwa Havana. Kutekwa kweli, kisu kweli. Abiria waliomtambua Funt wakaona hapa tumeshikwa, hii ni kamera ya siri, wakatulia zao wakisubiri aseme. Yeye anawaapia kwamba safari hii hana mkono. Hawakumwamini mpaka walipoona wanajeshi wa Cuba. Sasa mtu akiniambia ile ya Ramez ya 2015, Paris Hilton anapiga mayowe ndege inayumba na watu wanaruka, ni burudani ya kawaida tu, mimi huyo Funt ndiye ananijia kichwani.

---

MwanaAzhar

Ndugu zangu, mimi nilikuwa mwanafunzi Cairo Ramadhani ya 2020, ile ya korona. Tarawehe misikitini hakuna, usiku kuna amri ya kutotoka nje, sisi wana wa Afrika Mashariki tumejifungia bwenini na TV moja. Mwaka huo kipindi kiliitwa Ramez Magnoun Rasmi, yaani mwendawazimu aliyethibitishwa kiserikali. Muigizaji Arwa Gouda ndiye aliyekuwa chambo, anamhoji mgeni. Mgeni amekaa kwenye kiti, kiti kinamfunga mikono na miguu, Ramez anatokea, na hapo ni kuzungushwa, kushtuliwa na kuchovywa majini huku akilazimishwa kumsifu Ramez.

Kile ndicho kilichowagawa Wamisri wenyewe, si nyumba yako peke yake dada. Watu wa afya ya akili walilalamika kwamba jina na mchezo wote unawadhihaki wagonjwa. Chama cha wanahabari wa utangazaji kikatoa tamko la kumzuia Ramez kufanya kazi kwenye vyombo vya habari vya Misri. Na jioni ileile tukafungua MBC Masr, tukamkuta palepale. Chaneli ni ya Wasaudia, kipindi kimesharekodiwa nje ya nchi, na matangazo ya biashara ya Ramadhani ndiyo ghali kuliko ya mwaka mzima. Bwenini kwetu waliokuwa wakimlaani kwa sauti kubwa ndio waliokuwa wakigombea kiti cha mbele.

Ulisema hutaki fatwa, sikupi. Nakupa kisa tu, kimo katika Sunan ya Abu Dawud. Masahaba walikuwa safarini na Mtume, rehema na amani zimshukie. Mmoja akalala, mwenzake akaiendea kamba yake akaichukua, yule akaamka kwa fazaa. Mtume akasema si halali kwa Mwislamu kumtisha Mwislamu. Kamba, ndugu zangu. Papa hakuwepo.

Ila kuhusu ule utangulizi unaokukera, nataka kumtetea kidogo, au niseme kuitetea mila. Wamisri wana mchezo wao wa zamani, qafya, wawili wanakaa kwenye mkahawa wanarushiana maneno, mmoja anatupa, mwenzake anadaka anamrudishia, waliokaa pembeni wanahukumu nani kapigwa. Maneno ya Ramez yana harufu ya huko. Nilichokikosa ni yule wa pili. Ramez anatupa, na hakuna aliyekaa mbele yake wa kudaka.

---

Mnyamwezi_wa_Nzega

Mwana wa Azhar umenigusa penyewe. Sisi tunaita utani, na una sheria. Nimeona kwenye msiba wa babu yangu watani wanashuka kaburini wanajilaza, hawatoki mpaka walipwe, wanamwiga marehemu alivyokuwa mbahili, na wajane wanacheka huku wanalia. Hakuna aliyeudhika. Kwa sababu wakifiwa wao, zamu ni yetu, na tutafanya vibaya zaidi. Mimi binafsi nina deni na familia moja ya watani wetu ambalo nasubiri kwa hamu, Mungu anisamehe.

Huyo Ramez zamu yake ya kulazwa kaburini lini? Makonzi ya mwisho hayahesabiki, hayo kayapanga mwenyewe.

---

pilipili_hoho

Uzi mrefu, na mihogo ya nazi inaungua huko majikoni kwenu. Zimeni TV mkasali tarawehe.

---

JombaWaKisauni

@pilipili_hoho wewe umejuaje uzi ni mrefu kama hukuusoma wote?

Mnyamwezi, hapo kwenye zamu nimekwama kidogo, sitaki kukubali mbele ya watu. Lakini ngoja: nani amemlazimisha staa kusaini? Mzee wa mayai hakupewa karatasi. Huyu kapewa, kasoma, kasaini, kachukua hundi. Mtu mzima akiuza aibu yake kwa bei anayoitaka, mimi na wewe tunaingia wapi?

---

BintMkunazini

Nimekusomeni wote, ahsanteni, hata wa mihogo.

Fundi, chumba chako cha katikati nimekitembelea na naona kinakalika. Anajua upo mtego, hajui upi. Sawa. Shemegi nimemsomea akapiga makofi kana kwamba kashinda kesi. Lakini hicho chumba kinajibu habari ya kenge na ndege. Hakijibu habari ya pua za watu.

Tulijaribu suluhu: sauti izimwe mpaka utangulizi upite, ndipo ifunguliwe. Mume wangu alikubali, wifi kakubali. Aliyekataa ni mama mkwe. Anasema yeye mtego haumchekeshi tena, anasubiri matusi. Kwa hiyo mimi na yeye tunachukia kipindi kimoja kwa sababu zilizopishana kabisa, na rimoti anayo yeye.

Kaka wa Kisauni, la karatasi ni zito, silipuuzi. Basi fundi, nijibu hili moja. Mgeni anaposaini, yale maneno ya mwanzo ameshayasikia?

---

FundiKamera_Sinza

Kwa Ramez siwezi kukusemea. Kwenye vipindi tulivyofanya sisi, hapana. Karatasi inasainiwa siku ya kurekodi, palepale, mtu bado anatetemeka na kila mmoja anamkumbatia na kumwambia amekuwa shujaa. Maneno ya mtangazaji yanaandikwa baadaye, picha zikishakatwa, maana mwandishi anataka kwanza aone mgeni alivaa nini na alilia vipi ndipo apate cha kusema. Yanarekodiwa mwisho kabisa, studio, mtangazaji peke yake na mimi nyuma ya kamera. Mgeni anayasikia siku kipindi kinaporushwa, yuko kwake na watoto wake, saa ileile unayoyasikia wewe. Kama yupo aliyewahi kusomewa kabla, mimi sijakutana naye.